Filimbi Wasiyoisikia Wakubwa

9 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi ni wazima, ukiacha magoti ya Mama. Siku hizi akitaka kusimama anatangaza kwanza, nyumba nzima tunakaa kimya tukimsubiri, halafu anasema ameghairi. Kazini kwangu, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, ni yaleyale: mashuka yanakuja mlima, yanaondoka mlima, na ile mashine kubwa imeanza kutetemeka kama ina homa. Ningekuwa na fundi wa majokofu karibu ningemkamata aitazame, lakini fundi ninayemjua mimi hapokei simu.

Ndiyo, ni wewe ninayekusema. Nimepiga mpaka nimezoeana na yule mwanamke anayeniambia hupatikani. Kwa hiyo nimeshika kalamu. Barua huwezi kuizima.

Habari za fainali ya watoto zimenifikia, na si kwa mtu mmoja. Nasikia aliyechezesha ni Kipenga. Kipenga, bwana! Mdogo wa kike wa mkeo, mtu aliyekuwa anakula mezani kwako kila Jumapili na kumshonea mwanao sare za shule. Nasikia mambo yaliharibika, wazazi wakaingia uwanjani, akapigwa. Na tangu siku hiyo chumba chake kimefungwa, cherehani imefunikwa kitambaa, mtaani haonekani.

Najua wewe ni kocha na makocha mna midomo. Lakini nataka kusikia kutoka kwako mwenyewe. Uwanjani palitokea nini, na wewe ulikuwa umesimama wapi?

Mbusu Chiriku. Mwambie shangazi yake anasubiri kusikia alivyodaka.

Dada yako.


27 Februari

Dada, shikamoo. Mpe na Mama shikamoo yangu, umwambie akishatangaza kusimama asimame tu, asitutie wasiwasi.

Huku joto limezidi na majokofu ya mji mzima yameamua kufa pamoja. Nashinda nimelala kifudifudi nyuma ya friji za watu, mgongo umekuwa kama upinde. Mke wangu hajambo, ila amekuwa mchache wa maneno. Shati nalikuta limepigwa pasi, chakula nakikuta mezani, maneno ndiyo hanipi. Nadhani ni uchovu. Chiriku anastahili jina lake, anaongea mpaka jirani anafunga dirisha, na langoni amekuwa hatari.

Kuhusu fainali, wamekukuzia mambo. Ni mpira tu, Dada. Dakika za mwisho shemeji akatupigia penalti ya ajabu, tukafungwa, kombe likaenda. Zikapigwa kelele, zile za kila Jumamosi. Refa asiyeweza kelele angechagua kazi ya maktaba. Wazazi wachache wakaingia, kukawa na kusukumana, mtu akamgusa. Nani, sikuona. Jua lilikuwa machoni. Shemeji ni mtu mzima, atakuwa amekwenda mahali kupumzika, akipoa atarudi.

Shida iliyobaki ni ya chama cha mpira. Marefa wote wamegoma kuja uwanjani kwetu. Tumeambiwa tumalizie msimu wenyewe tukitaka. Basi Jumamosi iliyopita tulicheza bila refa, na nikuchekeshe: watoto wetu pamoja na wale wageni walikuwa wanasimama wote kwa mpigo. Mtu akichezewa vibaya, wanasimama. Mpira unawekwa chini, unapigwa, mchezo unaendelea. Nikamwuliza Chiriku nani anawasimamisha. Akanishangaa. "Si refa kapuliza?"

Watoto wana michezo yao. Nitawakomesha.

Mdogo wako.


10 Machi

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu, anasema ninyi mnaotiwa wasiwasi mje mumshike mkono. Wewe umeniandikia ukurasa mzima na hukunijibu.

Nyumba imebanana kidogo. Nina mgeni, nimempa chumba cha nyuma, kwa hiyo Mama amehamia kwangu na anakoroma kama ile mashine ya kazini. Usiniulize mgeni ni nani. Ni mtu anayehitaji kukaa.

Mimi sikukuuliza kuhusu penalti. Penalti hainihusu, hata ingekuwa ya uongo, ingawa nasikia mwanao mwenyewe alimdaka yule mtoto mguu badala ya mpira, na mwanao mwenyewe alikubali. Nimeambiwa kuna neno ulilisema. Ulilisema kwa sauti, ukiwa pembeni ya mstari, na wazazi wakalidaka wakaligeuza wimbo. Aliyenisimulia alikataa kulitamka. Mtu mzima, simu sikioni, akasema, "Hilo mwulize mdogo wako."

Nakuuliza. Ulisema nini?

Wala usimlaumu mkeo kwa ukimya. Mtu akinyamaza nyumbani kwake mwenyewe ana sababu.

Dada yako.


14 Aprili

Dada, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana, maana kila nikisoma nilichoandika naona mtu atasema nimechanganyikiwa. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujampa Mama.

Watoto hawajakoma. Niliwagombeza, nikawatisha, nikawakimbiza kuzunguka uwanja mpaka wakatapika. Wakija Jumamosi ni yaleyale. Na si wetu tu. Kila timu inayokuja, watoto ambao Kipenga hawajawahi kumwona, wakishakanyaga nyasi zetu na wao wanasikia. Mpira ukitoka wanabishana kama watoto wote, mikono juu, "Wetu! Wetu!" Halafu wote wanageuza shingo upande mmoja, wananyamaza, na aliyeshindwa anauacha mpira bila kinyongo.

Kuna mahali hawapiti, Dada. Ni nafasi ya mtu mmoja. Haikai pamoja, inakwenda na mpira. Mtoto akikimbia kwa kasi akifika hapo anakwepa, kama unavyokwepa mtu njiani. Mara moja mmoja hakukwepa mapema, nikamwona anajikwaa kwenye hewa, akasema, "Samahani," akaendelea.

Namba saba wetu unamkumbuka, yule mrefu. Alimpiga mwenzake teke akiwa ameshaanguka. Akasimama. Akainamisha kichwa, akachomoa jezi kwenye bukta, akatoka analia. Baba yake ndiye yule mchomeleaji wa mageti, pande la mtu. Akamkamata mkono. "Nani kakutoa?"

"Refa."

"Refa yuko wapi?"

Mtoto akanyoosha kidole, si katikati ya uwanja, bali nyuma ya mgongo wa baba yake. Yule bwana aligeuka taratibu sana. Hapakuwa na kitu. Tangu siku hiyo sijamsikia akifungua mdomo.

Nikasema labda wakipata refa wa kweli yataisha. Nikambembeleza mwalimu mmoja mstaafu wa mbali, asiyejua habari zetu, aje. Alipuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Sisi wazazi tulimsikia. Watoto hawakumsikia hata kidogo, walimpita kama mti. Kabla ya mapumziko akatoka, akakaa kwenye benchi langu, akafunga kamba za viatu vyake vya kawaida. Nikamwuliza anakwenda wapi. Akasema, "Mwanangu, mimi nimechezesha watoto tangu ujana wangu. Sijawahi kuchezesha mechi ambayo tayari ina refa."

Wazazi hawapigi kelele tena. Wanakuja, wanasimama kimya, na kila wiki wanasogea nyuma kidogo kutoka kwenye mstari. Jumamosi moja tu ndiyo nimepumua, ya mwisho wa Machi, mvua ilipomwagika alfajiri tukaahirisha kila kitu.

Chiriku ameacha kuongea. Si kwamba amenuna. Anakaa kama anayesikiliza kitu chumba cha pili. Nilimwuliza hiyo filimbi ikoje. Akasema, "Kama filimbi tu, Baba. Lakini haitoki mbali. Ni kama mtu amekuinamia sikioni." Halafu akaniuliza mbona sisi wakubwa hatusikii, nikamwambia akalale, na jua lilikuwa bado linawaka.

Swali lako nimelisoma. Siku nyingine.

Mdogo wako.


19 Mei

Mdogo wangu,

Mama mzima. Hii hajaisoma, lakini anajua nakuandikia.

Barua yako niliifungulia kazini. Nikakaa chini juu ya marobota ya mashuka machafu, mahali nisipokaaga. Nimekaa nayo mwezi mzima. Sikukaa nayo kwa hasira. Nilitaka kwanza niangalie kitu kwa macho yangu.

Mgeni wangu ni Kipenga. Alishuka hapa wiki ileile ya fainali na mkoba mmoja, kitambaa kimefungwa kichwani kufunika sikio. Mkeo ndiye aliyempandisha gari. Mkeo anajua, Mama anajua, baba mwenye nyumba aliyopanga anajua. Asiyejua ulikuwa wewe peke yako. Nilimwahidi sitasema, na sasa ameniruhusu.

Sikio la kushoto limekufa. Daktari wetu alisema ngozi ya ndani ilipasuka, na hata baada ya kupona halisikii kitu. Ukimwita upande huo hageuki. Anashona mashuka ya hospitali yaliyochanika, anacheka na Mama, anamkanda magoti. Jumatatu mpaka Ijumaa ni mtu kama mtu.

Jumamosi asubuhi anatoka uani, anasimama katikati ya kamba zangu za kuanikia. Mwanzoni nilidhani anaota jua. Halafu nikaona anageuka, polepole, kama anayefuata kitu kwa macho, mbele, nyuma, pembeni. Anapiga hatua mbili tatu za haraka, anasimama. Ananyoosha mkono. Mashavu yanajaa. Filimbi hana, filimbi yake ilikanyagwa huko kwenu. Wala mimi sikusikia sauti yoyote. Lakini shuka lililokuwa mbele ya mdomo wake liliyumba, na upepo haukuwepo.

Nilimngoja amalize, nikampa maji. Nikamwuliza, wifi, unafanya nini? Akasema, "Sikio hili Jumamosi linafufuka. Linasikia watoto wanacheza. Wanachezeana vibaya, wataumizana, hawana mtu. Sasa nifanyeje?"

Nikamwuliza, na wakubwa unawasikia?

"Wakubwa siwasikii," akasema. "Nashukuru sana."

Sikuwa nimemwambia lolote lililomo kwenye barua yako. Nenda kakae na hilo. Kuna siku aliingia ndani anatetemeka, akajitupa kitandani analia. "Nimemtoa mtoto wa watu. Analia kwa uchungu. Lakini lile teke lilikuwa la makusudi." Na Jumamosi ya mwisho wa Machi, hapa kwetu jua lilitoka zuri, nikampelekea chai, nikamkuta amelala fofofo kama mtoto mchanga. Nilipomwamsha akasema, "Leo hawachezi."

Kisha akaniambia ulichosema. Naandika mimi kwa kuwa wewe umeshindwa. Ulimwambia, "Wewe ulizika wako, utajua nini uchungu wa watoto wetu?" Na wazazi wakaimba: ulizika wako, ulizika wako. Ulimbeba mtoto wake mpaka kaburini kwa mikono yako mwenyewe, kwa sababu baba yake hakuweza. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nyuma yako. Uzito wake unaujua.

Na kitu cha pili. Nilimwuliza kama ni wewe uliyempiga. Akatikisa kichwa. "Hakunipiga, wifi. Alimwona anayekuja nyuma yangu. Alisogea kumpisha."

Yeye haombi polisi, haombi chama. Anaomba usimame palepale, mbele ya walewale, uyaseme hayo mawili jinsi yalivyo.

Dada yako.


2 Juni

Dada, shikamoo.

Nilimwuliza mke wangu kama ni kweli alijua shemeji alipo muda wote huu. Alikuwa anakunja nguo. Hakuacha kukunja. Akasema, "Hukuwahi kuniuliza." Nimejaribu kukumbuka kama niliwahi. Sikuwahi.

Nimefanya alichotaka. Jana kabla ya mechi niliwaita wazazi wote, nikasimama mbele yao, nikasema. Ilikuwa ngumu lakini nimesema, na watu wamenipokea vizuri, wengine wamenishika mkono. Tafadhali mwambie shemeji. Mwambie nimesema. Sasa na yeye basi aache. Awaachie watoto wetu. Chiriku jana alidaka mpira, akaushika kifuani, akaganda, macho kodo, akimtazama mtu ambaye mimi simwoni, na akatabasamu. Mimi baba yake hajanitabasamia tangu Februari.

Msalimie Mama. Mwambie nitakuja nikipata nafasi.

Mdogo wako.


12 Juni

Mdogo wangu,

Sina salamu ndefu.

Mkeo alikuwepo. Alisimama nyuma ya wenzake, alikusikia, akanisimulia. Ulisema, "Kama kuna mtu alikwazika siku ile, tusameheane, mpira ni mchezo na hasira ni za kibinadamu." Wakakupigia makofi. Hayo ndiyo uliyoyasema.

Sikutaka kumficha Kipenga. Nikamwambia neno kwa neno. Akauliza, "Kasema *kama*?" Nikamwambia ndiyo. Akakata uzi kwa meno, akakunja shuka alilokuwa anashona, akalipiga piga lilale sawa.

"Basi," akasema. "Watoto nitawamalizia. Siwezi kuwashika kila wiki huku wakubwa wao wako hivyo."

Jumamosi hii alitoka uani kama kawaida, lakini hakukaa. Alisimama tuli, akainua mikono yote miwili, akaonyesha katikati, mashavu yakajaa mara tatu. Shuka likayumba mara tatu. Akaingia ndani kuosha vyombo.

Sijui huko kwenu imekuwaje. Niandikie ukitaka. Sitakulazimisha tena.

Dada yako.


30 Juni

Dada, shikamoo. Mama shikamoo.

Nakueleza ilivyokuwa, na sitapunguza.

Jumamosi ile uliyoniandikia, mechi haikuwa imefika hata nusu. Watoto walisimama. Nikangoja wapige mpira uliowekwa, hakuna aliyepiga. Wakaanza kushikana mikono, wa kwetu na wageni, mmoja mmoja, kama mechi imekwisha. Wakavua jezi, wakazikunja vizuri kuliko wanavyokunja nyumbani, wakazipanga chini kwenye duara la kati. Wakaondoka vifua wazi, wasichana na fulana zao za ndani, hakuna aliyekimbia. Mzazi mmoja akaita, "Nyie! Rudini!" Sauti yake ilitoka ndogo. Chiriku alinipita akiwa ameshika glavu. Nikamwuliza kuna nini. Akasema, "Refa kamaliza."

"Kamaliza mechi?"

"Kamaliza, Baba."

Jumamosi iliyofuata alikataa kuvaa viatu. Hakulia wala hakugoma, alikaa tu kitandani. Nikatoka peke yangu nikaone kama wenzake wamekuja. Nikawakuta wazazi. Walikuwa wamejaa, Dada, kuzidi hata siku ya fainali, wamesimama kwenye mistari pande zote mbili, baba na mama, na kila mmoja alikuwa amemwacha wake nyumbani amekaa kitandani, akaja kuangalia kama wa wenzake wametokea. Mtoto hata mmoja hakuwepo. Tulisimama tukitazama nyasi. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka. Nikagundua wanatazama kwa zamu, kama mpira unakwenda upande huu na upande ule, na mimi shingo yangu ilikuwa inafanya vilevile.

Nikavuka mstari. Nilikwenda mpaka katikati, penye zile jezi, maana hakuna aliyethubutu kuziokota. Nikasema.

Nikasema, "Nilimwambia shemeji yangu alizika wake, hajui uchungu wa watoto wetu. Nilimzika mimi. Nilikuwa najua neno litakalomchoma, nikalichagua." Nikasema, "Ile penalti ilikuwa halali. Mwanangu aliniambia siku ileile, nikamnyamazisha." Nikasema, "Nilimwona anayekwenda kumpiga. Nilikuwa njiani kwake. Nikasogea."

Sikutaja jina la mtu. Kisha yule mchomeleaji akasema kutoka alipo, bila kuulizwa, "Mkono ni wangu." Mwanamke mmoja akasema, "Na mimi niliimba." Mwingine akasema, "Mimi sikuimba, nilicheka." Ikaenda hivyo kuzunguka mistari yote, sauti za chini, kila mmoja lake, hata wale ambao siku hiyo nilidhani hawakuwepo. Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyenishika mkono.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Chiriku yote, na lile neno pia, maana alilisikia siku ile akiwa langoni na mimi nilikuwa najifanya hakulisikia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Na Mama Mdogo ataambiwa na nani?" Nikasema nitamwandikia shangazi. Akasema, "Andika leo."

Watoto bado hawachezi. Mke wangu jana aliniuliza kama naongeza chai. Simwombi shemeji kitu. Msomee tu.

Mdogo wako.


15 Julai

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote, nasema sote. Mama ameshasimama bila kutangaza, mara moja, akashangaa mwenyewe akakaa.

Nilimsomea Kipenga barua yako, nzima, yeye akiwa cherehani. Nilipoanza alikuwa amenipa upande wa sikio bovu. Nilipofika kwenye "nikalichagua" alisimamisha gurudumu kwa kiganja. Nilipomaliza akaniomba nirudie pale wazazi wanaposema kila mmoja lake. Nikarudia. Akasema, "Na yule aliyecheka kasema?" Nikamwambia kasema. Akaendelea kushona.

Hajasema njoo, wala hajasema usije. Nilipomwuliza moja kwa moja, akasema mkeo aje na Chiriku likizo, na kama kuna mtu atawasindikiza hatamfungia mlango. Hilo ndilo ulilonalo. Msamaha sijausikia kinywani mwake, nisikudanganye. Na huko kwenu kuchezesha harudi. Ile Jumamosi uliyosimama katikati alilala mpaka jua likawa juu, na tangu hapo sikio halijasikia kitu chochote, si Jumamosi wala siku nyingine. Nilidhani yamekwisha.

Sasa nikueleze la juzi, kisha nifunge.

Mtaani kwetu watoto wanacheza mpira wa matambara njiani, mbele ya lango letu, malango ni ndala. Ni watoto wa hapa, hawajui kwenu wala hawajui Kipenga ni nani, kwao yeye ni yule dada wa mashuka. Juzi alasiri walikuwa wanagombana, mmoja yuko chini ameshika goti, wengine wanasukumana, na mama zao wameanza kutoa vichwa madirishani, kila mmoja akimtetea wake kwa matusi. Unajua inavyokuwa. Mimi nilikuwa uani nakunja, yeye yuko ndani anashona.

Wakanyamaza ghafla. Wote, kama mtu amekata waya. Nikachungulia langoni. Wamesimama kila mmoja alipo, mpira umetulia, na nyuso zao zote zimegeukia nyumba yetu. Si mimi waliyekuwa wanamtazama. Wale mama madirishani walikuwa bado wanatukanana juu ya vichwa vyao, hawajaona kitu.

Nikamgeukia Kipenga, nikimwona kupitia mlango uliokuwa wazi. Alikuwa ameinua uso kutoka kwenye kazi, ameshtuka kuliko mimi.

"Umepuliza?" nikamwuliza.

"Sijui," akasema.

Watoto waliendelea kusubiri. Akachomeka sindano kwenye kitambaa, akajipangusa nyuzi mapajani, akapita mbele yangu, akatoka njiani.

Dada yako.